Jinsi ya Kusanifu Jengo la Tiba na Mafunzo kwa Kufuata Maumbile

Ukipewa kazi ya kusanifu jengo ambamo wauguzi watahudumia wagonjwa na wanafunzi watasomea tiba, usianze na rangi ya kijani wala michoro ya majani ukutani. Anza na jua na upepo, kwani hivyo ndivyo vitakavyoamua iwapo watu watapumua vizuri humo ndani.

Tembelea kiwanja asubuhi, adhuhuri na jioni, uone kivuli kinaangukia wapi na upepo unatokea upande gani. Katika nchi zilizo karibu na ikweta, jengo refu lielekezwe mashariki hadi magharibi, ili madirisha yatazame kaskazini na kusini na jua kali la alasiri liishie kwenye kuta fupi za pembeni. Upenu uwe mpana wa kutosha kuzuia jua na mvua, madirisha yakiwa wazi.

Hewa ndiyo inayohitaji fikra zaidi. Hospitali ya Butaro, iliyofunguliwa mwaka 2011 kaskazini mwa Rwanda, inafaa kuchunguzwa kwa makini. Wasanifu wa MASS Design Group walizitoa korido nje ya jengo, ili wagonjwa wa kifua kikuu na wengineo wasibanane kwenye njia moja iliyofungwa. Ndani ya wodi, feni kubwa na madirisha ya juu husaidia kuitoa hewa iliyotumika. Vitanda vimepangwa kwenye ukuta mfupi wa katikati, kila mgonjwa akitazama dirisha na milima badala ya kumtazama mgonjwa mwenzake. Kuta zimejengwa kwa mawe ya volkano ya eneo hilohilo, yaliyochongwa na mafundi wa huko, na kwa maoni yangu hapo ndipo jengo linapoonekana kweli kuwa la mahali pake.

Kanuni yenyewe ni nyepesi: weka matundu ya chini upande upepo unakotokea na ya juu upande wa pili, kwa kuwa hewa ya moto hupanda. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2009 unataka lita 60 za hewa kwa sekunde kwa kila mgonjwa katika wodi za kawaida zinazotumia upepo wa asili, na lita 160 katika vyumba vya magonjwa yanayoenea kwa hewa. Kumbuka kwamba wavu wa mbu hupunguza upepo, kwa hiyo madirisha yaongezwe ukubwa tangu kwenye mchoro. Chumba cha upasuaji kisitegemee upepo. Kiwekewe mitambo ya kuchuja hewa.

Wafanyakazi nao wasisahauliwe. Chumba cha mapumziko cha wauguzi mara nyingi hutupwa karibu na stoo, bila dirisha, ilhali anayemaliza zamu ya usiku anahitaji mwanga na miti kama mgonjwa mwenyewe. Wanafunzi wapewe ua wenye kivuli na baraza za kukalia, ambapo mwalimu anaweza kuendeleza mjadala baada ya kuzunguka wodini.

Panda miti ya asili ya eneo hilo, mbali kiasi na msingi ili mizizi isiupasue. Epuka mabwawa ya mapambo, maana maji yaliyotuama huzalisha mbu. Mtunza bustani na msafishaji waitwe kwenye vikao vya usanifu, waseme mapema ni mifereji ipi ya paa hawataweza kuifikia kwa ngazi.