Kuunda Mfumo Endeshi wa Kujifunzia Ndani ya Baiti 512

Anayetaka kujua kompyuta hufanya nini kabla Linux au Windows haijajitokeza hahitaji kuanza na maelfu ya mistari ya msimbo. Baiti 512 zinamtosha, kwa kuwa hicho ndicho kiasi ambacho BIOS, programu iliyomo ndani ya kompyuta na inayoanza kazi mashine inapowashwa, husoma kutoka sekta ya kwanza ya diski, ikakipakia kwenye kumbukumbu katika anwani 0x7C00 (0x huashiria namba ya msingi wa 16) na kukikabidhi kichakataji. Sharti lake ni kwamba nafasi ya 510, kwa kuhesabu kuanzia sifuri, iwe na 0x55, na ya 511 iwe na 0xAA. Alama hizo zikikosekana, kwa kawaida diski hiyo hurukwa. Kompyuta za siku hizi huwaka kwa UEFI, mrithi wa BIOS wenye utaratibu tofauti kabisa, lakini kiigizaji cha kompyuta kiitwacho QEMU bado huanza na BIOS usipokiagiza vinginevyo.

Zana zinazohitajika ni NASM, inayogeuza lugha ya asembli kuwa msimbo wa mashine, pamoja na hiyo QEMU, inayoigiza kompyuta nzima ndani ya dirisha. Usifanye majaribio haya kwenye diski unayoitegemea, kwani katika mpangilio wa MBR, ule wa zamani wa kugawanya diski, sekta hiyohiyo ya kwanza hubeba, kuanzia nafasi ya 446, jedwali linaloonyesha diski imegawanywaje.

Andika yafuatayo katika faili liitwalo boot.asm:

```
bits 16
org 0x7c00
    jmp 0x0000:anza
anza:
    xor ax, ax
    mov ds, ax
    mov es, ax
    mov ss, ax
    mov sp, 0x7c00
    cld
    mov [diski], dl
    mov si, ujumbe
chapa:
    lodsb
    test al, al
    jz mwisho
    mov ah, 0x0e
    xor bh, bh
    int 0x10
    jmp chapa
mwisho:
    cli
    hlt
    jmp mwisho
diski  db 0
ujumbe db "Mfumo umeamka", 0
times 510-($-$$) db 0
dw 0xaa55
```

Kisha endesha amri hizi mbili:

```
nasm -f bin boot.asm -o boot.bin
qemu-system-x86_64 -drive format=raw,file=boot.bin
```

Kuchapa maneno ndiyo sehemu rahisi: katizo 0x10, yaani wito wa huduma ya skrini ya BIOS, huonyesha herufi moja iliyomo katika rejesta ya AL (rejesta ni vihifadhi vidogo vya data ndani ya kichakataji) kila linapoitwa. Mistari ya mwanzo, ambayo wanafunzi wengi huiona kama mapambo, ndiyo yenye uzito. Kichakataji hupata anwani halisi kwa kuzidisha rejesta ya segmenti kwa 16 na kujumlisha nafasi iliyotajwa, hivyo 0x0000:0x7C00 na 0x07C0:0x0000 ni mahali pamoja, na zipo BIOS zinazotumia njia ya pili. Tuseme DS, rejesta ya segmenti ya data, imebaki na 0x07C0: ujumbe utatafutwa 0x7C00 zaidi ya pale ulipo, na skrini itajaa takataka au itabaki tupu. Kwa hiyo usiamini thamani yoyote iliyoachwa na BIOS ndani ya rejesta, isipokuwa DL, yenye namba ya diski iliyotumika kuwasha mashine. Hiyo ihifadhi mapema, kama tulivyofanya.

Baiti 512 zikianza kubana, sekta hii iachiwe kazi moja tu ya kupakia kiini, yaani sehemu kuu ya mfumo, kutoka sekta zinazofuata. Katizo 0x13 husoma diski: AH iwe 2, AL idadi ya sekta, CH silinda, CL sekta ya kuanzia, DH kichwa, DL ile namba ya diski, na ES:BX mahali pa kuweka data. Sekta huhesabiwa kuanzia 1, kwa hiyo inayofuata ile ya kuwashia ni 2. Usomaji ukishindikana bendera ya CF, biti moja ndani ya kichakataji, huinuliwa. Ikague kila mara kwa jc, amri inayoruka bendera hiyo ikiwa imeinuliwa.

Hatua kubwa zaidi ni kuingia hali lindwa (protected mode) ya biti 32. Zima makatizo kwa cli, pakia GDT, jedwali linaloeleza segmenti za kumbukumbu, kwa lgdt, washa biti ya kwanza ya CR0, rejesta ya udhibiti, kisha ruka mbali (far jump) ili CS, segmenti ya msimbo, ipate thamani mpya, na uzipakie upya rejesta nyingine za segmenti. Kuanzia hapo makatizo ya BIOS hayaitiki tena, na maandishi huandikwa moja kwa moja kwenye anwani 0xB8000, ambako kila herufi kati ya 80 kwa 25 za skrini huchukua baiti mbili, moja ya herufi yenyewe na nyingine ya rangi.

Hapa ndipo mashine huanza kujiwasha upya bila kukoma, mara nyingi kwa sababu cli imesahaulika na katizo la saa limeingia kabla ya kuandaliwa kwa IDT, jedwali linaloonyesha msimbo wa kushughulikia kila katizo, au kwa sababu GDT ina kosa. Ongeza -no-reboot -d int kwenye amri ya QEMU: itajifunga badala ya kuwaka upya, na itaorodhesha kila katizo pamoja na thamani za rejesta. Linganisha EIP, rejesta yenye anwani ya amri inayotekelezwa, ya tukio la mwisho na anwani za msimbo wako ili uone amri iliyokwamisha kazi.