Jinsi ya kuzisoma nyimbo zako ujue unataka nini na unaamini nini

Kuna plelisti ya kuonyesha watu, na kuna ule wimbo unaousikiliza usiku peke yako, mlango umefunga na hedifoni umeziba masikio yote mawili. Mi hapa naongelea huo wa pili. Wimbo unaourudia rudia naamini ni ombi, hata kama haumtaji Mungu popote, yaani kuna kitu unakiomba ila hujathubutu kukisema kwa mdomo wako ukaona bora umwachie msanii akusemee. Kinywa kinanena yaliyoujaza moyo, hilo tunalijua, ila siku hizi na kidole nacho kinanena, angalia tu kinabonyeza wapi.

Unahitaji simu yako, karatasi, kama saa moja hivi ya utulivu, na baadae wiki moja ya kujinyima. Usifanye na mtu pembeni, utaanza kudanganya na wala hutajua kama unadanganya.

Fungua historia, plelisti iache

Plelisti umeipanga mwenyewe kwa hiyo ni kama picha ya profaili, umechagua pozi. Historia haina pozi. App nyingi za muziki zinakuonyesha ulichosikiliza zaidi, YouTube inatunza historia kama hujaizima, Spotify yenyewe tangu 2016 kila mwisho wa mwaka inakupa muhtasari wako na watu wanaushea kwa fahari halafu kuna wengine wanaupitia kimya kimya wanaufunga, hao wa pili ndo wameelewa. Andika nyimbo kumi za juu. Usiruke yoyote, hasa ile iliyokufanya utake kuiruka.

Kama unatumia simu moja na watoto basi toa nyimbo za watoto, hizo sio dhambi zako.

Halafu kuna nyingine za kuangalia kwa tahadhari. Nyimbo ulizozipenda ukiwa na miaka kumi na tano, kumi na saba, ishirini, zinakaa kichwani kuliko za umri wowote, ni kawaida ya kumbukumbu za binadamu, kwa hiyo wimbo wa zamani unaweza kuwa unaupenda kwa sababu tu ulikuwepo siku ulipokuwa mtu fulani. Wekea alama. Sisemi hauna maana, ila unachokitamani pale inawezekana ni wewe wa zamani tu, sio maneno ya wimbo.

Tafuta sekunde, sio wimbo

Hapa ndo penye kazi, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Hakuna mtu anayependa wimbo mzima sawasawa. Kuna mahali unapasubiri. Sikiliza wimbo namba moja kwenye orodha yako na uangalie mwili wako, wapi unaacha ulichokuwa unafanya, wapi unapandisha sauti, wapi mkono unaenda kurudisha nyuma. Andika dakika na sekunde. Wangu ulikuwa 2:14. Ngoma zinakata, kinanda kinakata, inabaki sauti moja inasema kwa utulivu kabisa kwamba siku moja watanitafuta, na mi nilikuwa naosha vyombo mikono ina povu mpaka kwenye viwiko nikaenda kubonyeza kurudisha nyuma kwa kidole kidogo, mara tatu, simu ikajaa povu. Miezi yote hiyo nilikuwa najiambia naupenda kwa sababu ya biti. Biti haipo pale!

Hicho kinachotokea mwilini kimepimwa. Mwaka 2001 Anne Blood na Robert Zatorre wa Chuo Kikuu cha McGill kule Montreal waliwapiga watu picha za ubongo wakiwa wanasikiliza muziki waliouchagua wenyewe, ule unaowasisimua mpaka vinyweleo vinasimama, wakakuta zinazoamka ni zile sehemu za ubongo zinazoamka kwa chakula na mapenzi na madawa ya kulevya. Mwaka 2011 Zatorre na wenzake wakaonyesha kwamba dopamini, kemikali ya ubongo inayohusika na hamu na raha, inamwagika mara mbili, mara moja pale kilele kinapofika, na mara nyingine kabla yake, wakati bado unasubiri, na kwenye sehemu tofauti ya ubongo. Yaani mwili unalipwa hata kwa kungoja. Ndo maana nasema tafuta sekunde na uangalie na zile kumi zilizotangulia, kwa sababu hamu inakaa kwenye kungoja.

Sasa wengi wetu tuliokulia kwenye imani tunapata shida moja hapa. Ukisisimka kwenye ibada unasema ni Roho, ukisisimka kwenye wimbo wa mapenzi unasema ni shetani au unakaa kimya. Mwili ni ule ule jamani. Kusisimka hakukuambii aliyekuja ni nani, kunakuambia tu mlango umefunguka. Hili sio jambo jipya, Augustino askofu wa Hippo, karibu mwaka 400, aliungama kwamba kuna wakati uimbaji wenyewe unamgusa kuliko kile kinachoimbwa na akaona hiyo ni dhambi, lakini papo hapo akakumbuka machozi yaliyomtoka kwa nyimbo za kanisa siku za mwanzo za imani yake, akaamua ziendelee kuimbwa. Na Ghazali, mwanachuoni wa Kiislamu aliyefariki 1111, aliandika sehemu nzima kuhusu kusikiliza, na hoja yake kubwa ni kwamba usikilizaji unachochea kilichomo tayari moyoni, ndo maana hukumu ya kama muziki unafaa au haufai aliifuatisha hali ya moyo wa msikilizaji. Mmoja Mkristo mmoja Mwislamu, miaka mia saba kati yao, wote wawili wamemgeukia anayesikiliza.

Soma maneno bila muziki

Chukua ule mstari wa kwenye sekunde yako, uandike, halafu usome kwa sauti polepole kama mtu anayeomba kitu dirishani. Utaona aibu. Vizuri. Mistari mingi bila biti ni midogo sana na imebaki uchi, na hapo ndo unasikia ombi lake.

Kisha malizia sentensi hii: nataka... Neno moja mawili tu, na usiandike neno la kidini kwanza. Usiandike nataka amani ya Mungu. Andika nataka kulala. Nataka aniombe msamaha. Nataka kuonekana. Langu lilikuwa hilo la mwisho, nikakaa nalo siku mbili nimekasirika, maana mi ndo yule nayewaambia watu Mungu anatosha.

Swali linalofuata ni nani huyo "wewe" wa kwenye wimbo. Nyimbo nyingi zinaongea na mtu, na Kiswahili hakitusaidii sana kwa sababu mpenzi, wangu, usiniache, nakuhitaji, yote yanaingia kwenye mapenzi na kwenye sala bila kubadilisha herufi. Wimbo Ulio Bora umo kwenye Biblia na karne kwa karne umesomwa kote kuwili, mapenzi ya mtu na mtu, na Mungu na watu wake. Kwa hiyo jaribu kubadilisha. Wimbo wako wa mapenzi, weka Mungu pale kwenye "wewe", uone unabaki na maana au unakuwa kichekesho. Wimbo wako wa dini, weka mpenzi au bosi au mzazi. Nilipofanya hivo kwa wimbo mmoja wa sifa ninaoupenda sana niligundua "wewe" wangu anafanana mno na mtu wa kunipa kazi, namsifia ili anikumbuke. Wimbo hauna kosa lolote. Mi ndo nilikuwa nauimba kama barua ya maombi ya ajira.

Na usidanganywe na lebo. Thomas Dorsey, anayeitwa baba wa gospo ya Wamarekani weusi, alikuwa mpiga piano wa bluzi, muziki wa dunia, akijulikana kama Georgia Tom, na ule wimbo wake maarufu wa kumwomba Bwana amshike mkono aliutunga 1932 baada ya mkewe kufa akijifungua na mtoto naye kufa muda mfupi baadae. Vidole ni vile vile vya bluzi. Kwa hiyo kugawa orodha yako mafungu mawili, za Mungu huku na za dunia kule, hakutakufikisha mbali, gawa kwa kinachoombwa.

Angalia ambacho hakipo

Hii ni fupi. Pitia nyimbo kumi, uone nini hakuna kabisa. Kama zote ni za ushindi jiulize huwa unalilia wapi. Kwenye zile Zaburi zote 150 fungu kubwa ni la malalamiko, na Zaburi ya 88 haina hata mstari wa kujifariji mwishoni, inaishia gizani, na imeachwa hivo hivo. Kama zote ni za huzuni, angalia kama huzuni imekuwa ndo rafiki anayekuelewa na hutaki aondoke. Nyimbo za kulipiza kisasi nazo zina imani ndani yake, mtu anaamini kuna hukumu, tatizo ni hakimu amemweka nani.

Funga siku saba

Wimbo namba moja usiusikilize wiki nzima. Usiufute, kufuta ni maigizo, kesho utaurudisha. Acha tu. Kila mkono ukiufuata andika saa ngapi na ulikuwa unatoka kwenye nini, kikao, ugomvi, simu ambayo haikupokelewa. Siku ya tatu hivi utaanza kutafuta mbadala, na mbadala unaongea kuliko wimbo wenyewe. Mi nilijikuta nafungua komenti za posti zangu za zamani, nasoma watu walivyonisifia mwaka juzi, aisee.

Baada ya hapo lile ombi lichukue uliseme kwa maneno yako, kwa unayemwamini. Bila biti. Kama huamini yeyote liseme kwa mtu linalomhusu, kama yupo hai na sio hatari kwako. Langu lilikuwa na mtu mmoja tu kumbe, wale "watanitafuta" wote wa kwenye wimbo walikuwa ni kaka yangu mkubwa.

Ila tafadhali usiende kumfanyia mtu mwingine. Ukishajua njia hii utatamani kufungua simu ya mwenzio umsomee moyo wake kwa nyimbo zake, na utakosea, kwa sababu sekunde yake huijui.

Karatasi itunze, rudia baada ya miezi mitatu. Yangu ninayo hapa, ule wimbo umeshuka mpaka namba sita. Inawezekana ombi limejibiwa, inawezekana nimeuchoka tu. Kaka alipiga Jumapili tukaongea dakika kumi na moja kuhusu gari lake.