Kamba awe hai, maji yawe yanatoka

Mimi ni fundi makochi, si mvuvi wa kuuza. Nakaa Mtoni Kijichi, na Jumapili nyingi utanikuta kwenye mikoko ya Mto Mzinga nikivua kwa chambo cha kamba hai, niliowaweka kwenye ndoo ya rangi ya lita 20. Shemeji yangu hunicheka, ila chewa wa nazi akifika mezani hacheki tena.

Anza na maji kabla ya ndoana. Siku za bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa sana, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, hapa Dar maji hujaa kwenye saa kumi, alfajiri na jioni. Kila siku huchelewa kama dakika 50. Kwa hiyo mimi hupenda siku ya tatu baada ya hapo: maji yanajaa jua likichomoza. Kungali giza natupa kimia pembezoni nipate kamba. Maji yakigeuka, vidagaa na kamba walioingia kwenye mizizi hutoka kupitia vijito, na kolekole na chewa huwangoja pale mdomoni. Nami huwangoja palepale. Saa mbili za mwanzo zinatosha. Maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana, siendi, mkondo wake mlegevu.

Kamba kumi na watano kwa ndoo, basi. Maji yawe ya hapohapo mtoni, nusu yabadilishwe kila robo saa, na gunia bichi juu. Siku moja niliona uvivu, nikaongezea maji ya bomba ya kwenye chupa. Sikumaliza hata chai, kamba wote weupe kama waliochemshwa. Kamba mzima huonyesha mwanga upande wa pili. Akishakuwa mweupe, huyo mpeleke jikoni.

Kumtunga ndiko wengi wanakoharibu. Mshike kwa vidole viwili, mtazame kichwani: chini ya ule upanga wake, mwiba mrefu wa kichwani, kuna doa jeusi linaloonekana ndani ya gamba. Pitisha ndoana nyembamba kwa ubavu, mbele ya doa, chini ya upanga. Ukilitoboa doa, umemuua. Ukipatia, ataendelea kurusha miguu, na hiyo miguu ndiyo inayoita samaki.

Chubwi, kile kizito cha kuzamisha ndoana, iwe yenye tundu, iteleze kwenye mshipi, kisha iache nusu mita hadi ndoana. Uzito wa kugusa chini tu. Ikikaa kama nanga, kamba hachezi. Kolekole akivuta, mpe mshipi akimbie achoke. Chewa usimpe hata shubiri, atarudi kwenye mizizi, na chaza za pale hukata nailoni kama wembe. Nawe vaa viatu.

Hongwe naye atakuja, hukumwalika. Ana miiba mitatu, mmoja mgongoni na miwili mbavuni, na ina sumu. Mtoe kwa koleo. Mimi nilimtoa kwa mkono. Dawa iliyonisaidia ni kutumbukiza mkono kwenye maji ya moto, ya kuvumilika yasiyounguza, na mama ntilie aliyenipa hayo maji mpaka leo akiniona na ndoo huuliza, “Kaka, niweke sufuria?”