Kulinda Figo na Mifupa Unapotumia Dawa za Kufubaza VVU

Watumiaji wengi wa ARV nchini Tanzania na Kenya humeza kidonge kimoja kwa siku, TLD, chenye tenofoviri miligramu 300, lamivudini miligramu 300 na dolutegraviri miligramu 50. Ya kuangaliwa zaidi hapo ni tenofoviri, kwa kuwa hutoka mwilini kupitia figo na, kwa watu wachache, huharibu vijifereji vyake; hilo likitokea, madini ya fosfeti hupotea kwenye mkojo na mifupa ikadhoofika. Ndiyo maana figo na mifupa huzungumziwa pamoja.

Siku ya kliniki usiridhike na jibu kwamba “vipimo viko sawa”. Uliza kriatinini yako (taka ya kwenye damu inayotolewa na figo) ni ngapi, uiandike kwenye daftari pamoja na uzito wa siku hiyo, kwani uwezo wa figo hukokotolewa kwa kriatinini, umri, jinsia na, mara nyingi, uzito. Uwezo huo ukiwa chini ya mililita 50 kwa dakika, kwa kawaida daktari hutafuta dawa mbadala wa tenofoviri. Kriatinini ikipanda kidogo katika wiki za mwanzo usitaharuki, kwa sababu dolutegraviri huipandisha bila kuziumiza figo. Mhudumu ndiye atakayepambanua. Omba pia mkojo upimwe protini, hasa kama una kisukari au shinikizo la damu.

Kwa maoni yangu, hatari inayosahaulika zaidi haimo kwenye kopo la ARV, bali kwenye kile kikaratasi cha vidonge vya mgongo kinachonunuliwa dukani bila cheti. Diklofenaki na ibuprofeni hupunguza damu inayofika kwenye figo, na zikitumiwa kwa siku nyingi pamoja na tenofoviri, figo zinaweza kufeli ghafla, zaidi ukiwa unaharisha au umepungukiwa maji. Mwambie muuzaji kwamba unatumia dawa inayopita kwenye figo. Si lazima umtajie VVU. Mara nyingi parasetamoli, kwa kipimo sahihi, hutosha.

Kwa upande wa mifupa, uzito wake hupungua kidogo katika mwaka mmoja au miwili ya mwanzo, kisha hutulia. Tembea, ota jua, acha sigara, punguza pombe, na ule dagaa pamoja na mifupa yake. Ukipewa vidonge vya kalsiamu au vya madini ya chuma, vimeze pamoja na TLD wakati wa chakula. Ama sivyo, TLD itangulie kwa saa 2 au ifuate baada ya saa 6. Dawa za kiungulia zenye magnesiamu au aluminiamu zifuate mpango huo wa saa, hata kama umekula.

Usiache TLD kwa hofu ya figo. Mwenye homa ya ini aina ya B akiiacha ghafla, ini linaweza kuwaka upya. Ukivimba miguu, mkojo ukipungua au ukitoa povu lisiloisha, au nyonga zikiuma bila sababu, nenda kliniki kabla ya tarehe yako, na ubebe kila dawa unayomeza, za mitishamba zikiwemo.