Umeshahama, halafu bili ya stima inakufuata: usilipe kwanza

Hii inawahusu hasa watu wa postpeidi hapa Kenya, yaani unatumia stima kwanza halafu bili inakuja baadaye, wale wa tokeni shida zao ni zingine. Umerudisha funguo, unangoja dipoziti, mara keateka anakutumia meseji eti bili ya stima imekuja 16,000 na mwenye ploti anakata hapo hapo kwa dipoziti. Usianze kubishana juu ya pesa. Bishana juu ya namba za mita, kesi yote iko hapo.

Itisha bili yenyewe, sio meseji ya keateka. Kama akaunti unaijua piga *977# uangalie mwenyewe. Kwanza namba ya mita iliyo kwa bili ifanane na ile iko kwa mita ya nyumba yako, maana kwa ploti mita zimepangwa ukutani chini ya ngazi na kila mtu anaamini ya tatu kutoka kushoto ni yake kwa sababu keateka wa zamani alisema hivyo. Unaweza kuwa umekuwa ukilipia jirani.

Halafu ridingi. Tuseme bili inasema mwezi uliopita mita ilikuwa 18,412 na sasa ni 18,960, hizo ni yuniti 548. Picha uliyopiga siku ya kutoka inaonyesha 18,577. Basi zako ni 165, hizo 383 zingine si zako, ni za aliyeingia baada yako, ama mafundi wa rangi, ama msomaji mita alikuta geti imefungwa akakadiria tu. Kama hukupiga picha, uliza kama keateka aliandika kwa daftari, ama mpangaji mpya alipiga ya kwake akiingia, wengi hupiga siku hizi.

Pia jiulize kama inaingia akilini. 548 kwa siku 30 ni kama yuniti 18 kila siku. Shawa ya umeme inakula kama kilowati 5, yaani yuniti 5 kwa saa, kwa hivyo ungekuwa chini ya maji zaidi ya saa tatu na nusu kila siku, na wewe ulikuwa na friji ndogo na TV. Mwambie keateka azime meni swichi ya hiyo nyumba halafu aangalie taa nyekundu ya mita, ikiendelea kublink kuna mtu amechomeka waya hapo, na mara nyingi ni pampu ya maji ama taa za korido za ploti nzima.

Lakini tuambiane ukweli, kama walikadiria chini miezi kadhaa halafu wakasoma ya ukweli ukiwa bado ndani, hizo ulitumia na utalipa. Ila omba yuniti zigawanywe kwa miezi yake kwa sababu bei ya nyumbani ina ngazi, ukivuka 30 inapanda, ukivuka 100 inapanda tena, na miezi minne ikihesabiwa kama mmoja unaumia bure.

Kwa mwenye nyumba andika, usipige simu, simu haina ushahidi. Kitu kama: "Habari za asubuhi mzee. Nimeona bili ya stima. Siku nilirudisha funguo mita ilisoma 18,577, picha hii hapa. Yangu ni yuniti 165 na niko tayari kulipa hizo. Naomba dipoziti iliyobaki." Heshima tele lakini namba ziko ndani. Ukianza na matusi atakublock na dipoziti ameshikilia yeye.

Kama akaunti ni ya jina lako, nenda ofisi ya Kenya Power na kitambulisho, picha na notisi ya kuhama, uombe mita isomwe upya na upewe namba ya malalamiko, bila hiyo namba ni kama hukuenda. Na ufunge akaunti siku hiyo hiyo, ikibaki wazi bili zinaendelea kuja kwa jina lako. Wakikuzungusha, EPRA ndo wasimamizi wa kampuni za stima, wapelekee na hiyo namba.

Mwenye ploti akikataa kabisa na dipoziti, kuna Mahakama ya Madai Madogo, inachukua kesi za hadi shilingi milioni 1 na hauhitaji wakili. Wengine huachia tu wakiona umeshachukua fomu.