Namna ya kufuatilia kazi za mwanaakiolojia na kujua zimenukuliwa kiasi gani

Habari zenu wadau. Mi kazi yangu ni kuwasaidia wanafunzi hapa Dar kutafuta machapisho, na kila msimu wa tasnifu swali ni lile lile, huyu mtafiti ana uzito gani. Wengi wanachukua namba ya kwanza waliyoiona Google Scholar wanaibandika, wakati ile namba mara nyingi imebeba watu wawili. Twende na mwanaakiolojia Mary Leakey, maana fuvu la Zinj (la kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu) alilolikuta Olduvai tarehe 17 Julai 1959 linatunzwa hapa hapa mjini, Makumbusho ya Taifa.

Hatua ya 1, safisha jina. Ukiandika M Leakey unawapata wawili, Mary mwenyewe na Meave, mke wa mwanae Richard. Mary ni MD, Meave ni MG. Kwenye kisanduku andika author:"MD Leakey" afu angalia miaka: Mary kafariki 1996, kwa hiyo ukikutana na pepa ya 2001 ya Kenyanthropus (kiumbe mwingine wa kale wa jamii ya binadamu) ujue umeshaingia kwa Meave, itoe. Kwa Louis, mume wa Mary, ni hivo hivo, LSB ndo yeye, LN ni Louise mjukuu wake. Na usihangaike kumtafuta Mary ORCID (namba maalumu ya kumtambulisha mtafiti), ile imeanza 2012.

Hatua ya 2, majina ya sehemu. Tafuta Olduvai na Oldupai, tafuta Laetoli na Laetolil (eneo la nyayo za kale kaskazini mwa Tanzania), kwa sababu pepa ya nyayo ya 1979 aliyoandika na mwanajiolojia Hay kwenye jarida la Nature ina maneno yote mawili, Laetolil na Laetoli, kwenye kichwa chake.

Hatua ya 3 ndo yenye kazi. Fungua Eksel, weka mwaka, jina la kazi, aina (pepa au kitabu), imenukuliwa mara ngapi, na safu nyingine ya vitu alivyovigundua yeye ila hakuviandika yeye. Hiyo safu naomba msiiruke jamani. Zinj kaliona Mary, ila pepa ya kulitangaza kwenye Nature 1959 ina jina la Louis peke yake, yani kila aliyeinukuu tangu mwaka ule amempa Louis na Mary hapati hata moja. Huyu ni mama ambaye hakuwa na digrii ya kusomea, kachimba Olduvai miaka na miaka, ukimpima kwa namba tupu unamdhulumu.

Afu vitabu. Kitabu chake cha 1971 cha uchimbaji wa Bed I na II (matabaka ya udongo ya Olduvai) watu wanakinukuu kwa namna tofauti, mmoja anaandika Olduvai Gorge juzuu ya 3, mwingine anaanza na jina la ndani, hivo mashine inaweza kukigawa mara mbili tatu, we zijumlishe kwa mkono. Scopus na Web of Science (hifadhidata za kuhesabu nukuu) nguvu yao kubwa iko kwenye majarida, kwa hiyo mtu wa vitabu anaonekana mdogo. Siku zote andika namba umeitoa wapi na tarehe gani.

H-index (yani una kazi h ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara h) ni fasta tu: panga kazi kuanzia iliyonukuliwa sana kushuka chini. Mfano 50, 30, 12, 6, 5, 3. Ya tano ina 5, ya sita ina 3, basi h ni 5.

Hatua ya mwisho, soma waliomnukuu. Bonyeza ile linki ya idadi chini ya pepa ya 1979, weka tiki ya kutafuta ndani ya hizo hizo, andika Laetoli, anza na za karibuni. Utakutana na mwanaakiolojia Fidelis Masao na wenzake, jarida la eLife 2016, nyayo mpya za Laetoli, na hiyo unaisoma bure. Utakutana na Nature 2021, watafiti walirudi eneo A la Laetoli kwenye nyayo ambazo kuna waliowahi kudhani ni za dubu, wakaonyesha ni za kiumbe aliyetembea kwa miguu miwili. Kwenye tasnifu andika hivo, nani alirudi kwenye kazi ya Mary na akabadilisha nini, ndo namba ifuate.

Ukishaelewa, rudia kwa FT Masao. Kwake ongeza maneno ya michoro ya miambani na Tanzania ya kati, la sivyo utabaki na nyayo tu.