Boila ya Gesi Imezeeka: Uitengeneze au Uibadilishe?

Boila, yaani mashine ya gesi inayopasha joto maji na nyumba, ikizima katikati ya Januari, mafundi wengi wa hapa Uingereza husema upesi kwamba imezeeka na haifai tena kutengenezwa. Huenda ni kweli, lakini umri peke yake hautoshi kumfanya mtu atoe maelfu ya pauni. Kabla ya kukubali, muulize fundi ni kifaa gani kilichoharibika, kimeharibika kwa sababu gani, na kama kifaa hicho bado kinapatikana madukani.

Usalama hauna mjadala. Mwali ukiwa wa manjano badala ya bluu, masizi yakionekana kwenye boila, au watu wa nyumbani wakiumwa kichwa na kuona kizunguzungu kinachopungua wanapotoka nje, huenda inavuja kaboni monoksaidi, gesi yenye sumu isiyo na rangi wala harufu. Izimeni, fungueni madirisha, tokeni nje na mpige simu ya dharura ya gesi, 0800 111 999. Fundi yeyote atakayeigusa lazima awe kwenye rejista ya Gas Safe, orodha rasmi ya mafundi wa gesi, iliyochukua nafasi ya ile ya zamani ya CORGI mwezi wa Aprili 2009. Mwombe kitambulisho na ukigeuze, kwa kuwa nyuma yake pameandikwa kazi anazoruhusiwa kufanya.

Ikiwa umepanga nyumba, kwa kawaida gharama hizi si zako: kwa England na Wales, sheria ya mwaka 1985 inamtwika mwenye nyumba matengenezo ya mfumo wa joto na maji moto, naye anapaswa pia kuhakikisha vifaa vyake vya gesi vinakaguliwa kila baada ya miezi 12.

Hitilafu nyingi zinazotisha ni ndogo. Tazama kipimo cha presha: mfumo ukiwa baridi, mshale unatakiwa uwe kati ya bar 1 na 1.5. Ukiona unapanda hadi karibu bar 3 radieta (vyuma vya maji moto vinavyopasha vyumba) zinapopata moto, kisha unaanguka karibu na sifuri zinapopoa, huku bomba dogo la shaba lililochomoza ukutani kwa nje likidondosha maji, mara nyingi tatizo ni tangi la upanuzi, linalopokea maji yanapotanuka kwa joto, ambalo limepoteza hewa yake. Kulijaza hewa au kulibadilisha ni kazi ya gharama ya wastani, na si sababu ya kuitupa boila nzima. Vivyo hivyo, maji ya bombani yakiwa moto huku radieta zikibaki baridi, huenda vali inayogawa maji imekwama. Wakati wa barafu, boila ikikataa kuwaka na kutoa sauti ya kububujika, chunguza bomba la plastiki linalotoa maji yake nje. Likiwa limeganda, limwagie maji ya uvuguvugu, wala si yanayochemka.

Hesabu hubadilika pale kinapovuja kibadilisha joto, yaani kiini ambamo moto hupasha maji. Hiki ni ghali, na kwa boila yenye zaidi ya miaka 12 ambayo dhamana yake imekwisha, mimi nisingekinunua. Ningebadilisha pia boila ambayo vipuri vyake havitengenezwi tena, au inayoharibika kila msimu kwa hitilafu tofauti.

Mtu akikushawishi kwa hoja ya kuokoa gesi, muulize boila yako ni ya aina gani. Tangu Aprili 2005, kanuni za ujenzi za England na Wales zimetaka boila mpya za gesi, isipokuwa chache, ziwe za aina inayovuna joto lililomo kwenye mvuke wa moshi wake. Ukitoka kwenye boila ya zamani yenye ufanisi wa asilimia 70 kwenda kwenye mpya ya asilimia 90, gesi ya pauni 900 hushuka hadi pauni 700. Lakini kama yako tayari ni ya aina hiyo, tofauti itakuwa ndogo, na huenda ukanufaika zaidi kwa kupunguza joto la maji yanayokwenda kwenye radieta, maana uvunaji huo hufanyika vizuri maji yanaporudi yakiwa chini ya takriban nyuzi 55.

Jambo linalosahauliwa sana ni uchafu. Radieta iliyo moto juu na baridi chini ina matope meusi ya kutu, na matope hayo ndiyo huua pampu na kuziba kibadilisha joto. Kufunga boila mpya kwenye maji hayo ni kuiua mapema, tena watengenezaji wanaweza kukataa dhamana. Kwa hiyo gharama atakayoandika fundi ijumuishe kusafisha mfumo, kutia dawa ya kuzuia kutu na kufunga chujio la sumaku.

Ukiamua kubadilisha, omba bei kwa maandishi kutoka kwa mafundi watatu, ikiwezekana wakati wa kiangazi, na umpendelee yule anayepima vyumba kabla ya kutaja ukubwa wa boila. England na Wales kuna pia ruzuku ya serikali iitwayo Boiler Upgrade Scheme kwa anayehamia pampu ya joto, yaani mtambo wa umeme unaovuta joto la nje na kuliingiza nyumbani, iliyopandishwa hadi pauni 7,500 mwezi wa Oktoba 2023. Kazi ikiisha, hakikisha fundi ameisajili, na utunze cheti cha kanuni za ujenzi utakachotumiwa, kwa kuwa mwanasheria wa mnunuzi atakidai siku utakapouza nyumba.